Blanketi la Pipa la Nili

Waheshimiwa walimu, wazazi, viranja, na wewe uliyeketi nyuma kabisa ukitafuna chapati kwa siri: nina heshima kubwa kutangaza kwamba rangi ya bluu iliokolewa mtaani Kimumu na msichana mmoja shupavu, mwenye akili nyingi na unyenyekevu usio kifani. Msichana huyo ni mimi, Nanzala wa Kidato cha Pili. Siku kisa hiki kilipoanza, shujaa wenu alikuwa amechuchumaa jikoni, pua ameifunga kwa leso, akichunga pipa lililonuka kama vyoo vya bweni Jumatatu asubuhi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Wakazi wa Eldoret wanaujua mwezi huo. Jua huchungulia kidogo, huona baridi, likarudi zake. Kila asubuhi Mama aliamka kabla yangu, akachekecha majivu, akawasha jiko la makaa kando ya pipa, halafu akatembea hadi mtaa wa Elgon View kufua nguo za watu. Jioni alirudi mikono imechanika kwa sabuni. Alivua viatu mlangoni, akakaa juu ya kigoda kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Na alipopata nguvu ya kufungua mdomo, hakuuliza kama nimekula.

"Pipa limeshindaje?" aliuliza.

"Limeshinda salama, Mama. Limekusalimu."

Hakucheka. Mama yangu ni mtu wa kucheka, lakini mwezi ule uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye meno.

Acha nieleze habari za pipa. Kuna kichaka kinachoitwa mnili. Majani yake ni madogo madogo, yamepangwa pande mbili za kijiti kama ya jakaranda, na hapa kwetu huota ovyo kwenye ua wa shamba la Mzee Kipyego, jirani yetu. Ng'ombe wanakipita, watu wanakipita. Mama naye alikipita miaka mingi, mpaka kikundi cha akina mama wa kanisani kilipofundishwa kwamba majani yale hutoa nili, rangi ya bluu isiyotoka kwenye nguo.

Kazi yake ni ndefu kuliko mahubiri ya mchana. Majani huchumwa, hulowekwa, huoza, hupigwapigwa majini mpaka tope la bluu litulie chini. Tope hilo peke yake halishiki kitambaa. Lazima litiwe kwenye pipa pamoja na pumba za ngano na maji ya majivu, yale yale ambayo nyanya yangu kule Bungoma hulainishia mboga. Kisha lifunikwe, litunzwe kwa joto kama la maji ya kuogeshea mtoto, mpaka liamke. Ndivyo wanavyosema: pipa hulala, pipa huamka. Mama alinieleza dalili zote za kuamka siku ya kwanza. Nami nilitikisa kichwa kwa umakini mkubwa. Kutikisa kichwa bila kusikiliza ni somo ambalo sijawahi kupata chini ya alama ya A.

Mara mbili Mama alikuwa amejaribu, na mara mbili pipa lilimshinda. Hii ilikuwa mara ya tatu, na haikuwa ya mchezo. Mama Nyakio, mmoja wa wenye nyumba aliowafulia, alikuwa na karakana ya kushona mapazia na vitambaa vya meza pale mjini. Alikuwa amemwambia, "Rosebella, niletee kitambaa kimoja cha nili kabla sijafunga hesabu ya mafundi. Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nikikipenda, utaacha kufua, utakuja kunitilia rangi." Mama alinisimulia maneno hayo huku akiitazama mikono yake, akiigeuza, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine aliyemwazima.

Kwa hiyo kila mtu nyumbani alipewa wajibu. Mama alifunua pipa kila jioni na kulikoroga polepole, bila kutoa povu. Wajibu wangu ulikuwa kuchochea moto na kuhakikisha pipa limevikwa blanketi. Tena si blanketi lolote. Lilikuwa langu la bweni, lile zito la kijivu, zawadi pekee niliyowahi kupata bila kuiomba.

"Mama, nami nitajifunika nini?"

"Jifunike leso mbili. Wewe una damu, pipa halina."

Jemutai, rafiki yangu na binti wa Mzee Kipyego, alikuwa akipita kila siku kunicheka dirishani. "Nanzala, mdogo wako hajambo? Ameshanyonya?"

"Amenyonya. Sasa anangoja shangazi yake aje ambadilishe nepi. Ingia."

"Aka! Kwa hiyo harufu? Wacha niende nikakamue ng'ombe, hao angalau wananuka wakiwa hai."

Jumanne moja mvua ilianza asubuhi na haikuonyesha nia ya kuondoka. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechota maji, nimechekecha majivu, nimefua soksi zangu nyeupe za shule, nimepasua makaa. Nililitazama pipa. Lilikuwa limevaa blanketi langu, limekaa kando ya moto, halina kazi ya nyumbani, halina mtihani wa kemia. Nikajiuliza kwa haki kabisa: kati yetu sisi wawili, nani mtoto wa nyumba hii?

Nikalivua blanketi. Nikajisemea ni kidogo tu, mpaka miguu ipate joto. Nikajilaza juu ya magunia.

Nilipofungua macho, mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa mlangoni ulikuwa wa alasiri. Maji yalikuwa yamepenya chini ya mlango, jiko limezimika, na majivu yake yamekuwa uji. Nililigusa pipa. Lilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile tope lilipotiwa, nikafunua kifuniko. Niliyakumbuka maji yale yakiwa bluu ya kupendeza. Sasa juu palikuwa na utando wa zambarau uliovunjikavunjika, na chini yake maji yalikuwa ya kijani, kijani cha manjano kama mchuzi uliolala wiki. Nikajua nimeua. Rangi ya bluu imeoza ikawa kijani, na Mama yuko njiani.

Mtoto mwema angewasha moto na kungoja aseme ukweli. Lakini mimi nimesoma bweni, ambako mtu hufundishwa kwamba kosa halipo mpaka lionekane. Nilikimbia dukani nikanunua bluu ya kufulia, ile ya unga inayotiwa kwenye mashati meupe. Ili isifanye madonge, niliitia ndani ya soksi moja, nikaifunga fundo, nikaichovya pipani. Kisha nikachukua mwiko na kuyapiga maji yale kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayesonga ugali wa harusi, mpaka povu likapanda. Na tazama muujiza! Maji yakawa bluu. Bluu tupu, kama sare ya askari jela. Soksi iliponiponyoka ikazama, sikujali. Nani huhesabu soksi wakati anafanya miujiza?

Mama alipofika nilikuwa nimerudisha blanketi na kuwasha moto. Alikaa juu ya kigoda chake. "Pipa limeshindaje?"

"Vizuri sana. Mama, hata njoo uone. Limekuwa bluu kabisa!"

Alinitazama. Akainuka, akafunua kifuniko. Alisimama pale muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni, halafu akachovya kidole, akakitazama.

"Limekufa," alisema.

"Lakini Mama, ni bluu!"

"Ndiyo. Pipa zima huwa kijani, Nanzala. Jana lilikuwa kijani kizuri, na utando juu unang'aa kama shaba. Kitambaa huingia cheupe, hutoka kijani, na bluu inakuja kikishaonana na upepo. Maji yakiwa bluu ndani ya pipa, hayashiki kitu. Ni maji tu." Akarudisha kifuniko taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu. "Nilikueleza siku ya kwanza. Ulitikisa kichwa."

Niliufungua mdomo wangu. Naapa niliufungua. Lakini Mama alikuwa ameanza kujisemea mwenyewe.

"Ni mimi. Maji ya majivu niliyaongeza jana bila kuyaonja kwanza. Nilikuwa na usingizi. Mara tatu, na mara zote ni mimi."

"Si tunaweza kuliamsha tena, Mama? Si liliamka mara ya kwanza?"

"Kwa moto gani? Makaa ni hayo yanayowaka tu, yameisha." Alikaa. "Na mimi nimeisha. Kesho ulimwage mtaroni. Jumamosi ile nitaenda nimwambie Mama Nyakio asiningoje."

Alilala bila kula. Nami nilijifunika blanketi langu la bweni, limerudi kwangu lote, na sikupata joto.

Asubuhi Mama alipoondoka nilimwendea Jemutai. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu kumwambia Jemutai si kukiri. Ni kama kuiambia redio iliyozimwa.

"Yaani ulilinyang'anya pipa blanketi?" alisema, mikono kiunoni. "Halafu ukalipikia ugali wa bluu? Nanzala, wewe ni mgonjwa."

"Nicheke baadaye. Sasa nataka pumba za ngano na joto lisilotaka makaa."

"Joto lisilotaka makaa liko wapi? Mbinguni?"

Hapo ndipo elimu ya bweni iliponifaa. Nyuma ya shamba la shule yetu kuna lundo la samadi. Wanafunzi fulani, ambao sitawataja kwa kuwa mimi ni mmoja wao, huzika parachichi mbichi humo ili ziive upesi. Ukitia mkono ndani ya lundo hilo unakutana na joto kama la kitanda kilichoachwa sasa hivi, hata katika baridi ya Julai.

"Baba yako ana lundo?" nikamuuliza.

"Ana milima."

Mzee Kipyego alitukuta nyuma ya zizi tukichimba. Tulikuwa tumelisukuma pipa kwa wilbaro, na shujaa wenu alikuwa ndani ya samadi mpaka magotini.

"Wewe msichana wa Rosebella," alisema, "unazika nini kwenye mbolea yangu?"

"Pipa, Mzee."

"Kuna nini ndani?"

"Majani yaliyooza, majivu na pumba."

Mzee alifikiri. "Hiyo ni mbolea. Unazika mbolea ndani ya mbolea. Ndiyo mnafundishwa huko sekondari?"

"Ni la mama, Mzee. Linaumwa. Linahitaji joto."

Alilitazama lile shimo, akanitazama magoti. "Chimba upande wa huku basi. Huko ulikoanza ni ya zamani, imeshapoa."

Kuanzia siku hiyo sikupumzika. Kila asubuhi Mama akishaenda, nilipeleka maji ya majivu, nikayaonja kwa ncha ya ulimi kama alivyofanya yeye, nikatia konzi ya pumba na kukoroga polepole bila povu. Mgongo uliniuma, vidole vilipasuka kwa majivu, na nilinuka hata baada ya kuoga. Jemutai alisema nimeanza kufanana na mdogo wangu. Mchana nilipika, jioni nilimpokea Mama. Hakuuliza tena pipa limeshindaje. Mara moja tu aliinua soksi kutoka kwenye kamba na kusema, "Nyingine iko wapi?" nami nikajibu kwamba labda upepo umeichukua.

Maji yalibaki bluu siku nyingi. Kila nilipofunua niliona bluu ile ile ya kijinga, na kila mara nilitamani kumwendea Mama nimwambie. Kila mara nilijipa sababu: liamke kwanza, halafu nitasema. Ijumaa ya wiki iliyofuata, jioni, nilifunua nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikutarajia chochote. Juu palikuwa na utando mwembamba, unametameta kama shaba. Nikaupuliza ukasogea. Chini yake maji yalikuwa kijani.

Nilikaa chini kwenye samadi. Jemutai anasema nililia. Huyo ni mwongo.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, akijitayarisha kwenda kukataa kazi. Nilimwomba anifuate kwa Mzee Kipyego.

"Nanzala, sina nguvu ya mizaha."

"Si mzaha, Mama. Chukua kile kitambaa cheupe."

Alinifuata kwa sababu kubishana kungemchosha zaidi. Nilipofunua pipa, Mama aliinama akayatazama maji ya kijani. Alikunja mikono ya gauni, akakilowesha kitambaa kwa maji safi, akakizamisha taratibu, akangoja midomo ikicheza kama mtu anayeomba. Kisha akakitoa. Kilikuwa cha kijani. Akakikunjua, akakishika juu kwa mikono miwili, na upepo wa Agosti, ule ule tuliokuwa tukiulaani, ukakipitia. Pembeni kikaanza kugeuka. Rangi ikatambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka kitambaa chote kikawa bluu ya mbingu za jioni mvua ikiisha.

"Nekwesere!" Mzee Kipyego aliguta, ingawa hilo ni neno la mshangao la kwetu Bungoma, si la kwao. Alikuwa amelipata kwa Mama, siku Mzee alipomlalamikia juu ya kuku wetu.

Mama alikichovya tena na tena, mpaka kikakolea. Kisha akakikamua na kuondoka nacho, kibichi vile vile, na samadi kwenye viatu vya kanisani.

Alirudi alasiri, na nilimsikia akicheka kabla sijamwona. Mama Nyakio alikuwa amekisugua kile kitambaa kwa sabuni, kwa mikono yake mwenyewe, na maji yakabaki meupe. Kazi ingeanza Jumatatu. Mama aliandaa chai ya maziwa mengi, akawaita Mzee Kipyego na Jemutai, akasimama mbele yetu.

"Mimi nilikata tamaa," alisema. "Nililiua pipa kwa usingizi wangu, nikamwambia huyu mtoto alimwage. Hakulimwaga. Alilibeba, akalilisha, akalifufua. Nanzala, Mungu akubariki."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama ilivyo desturi ya mashujaa. Jemutai alikohoa ndani ya kikombe chake. Nilikuwa nikiandaa hotuba fupi ya shukrani wakati Mama aliposema, "Ngoja nitie pumba kidogo, nililaze vizuri," akachukua mwiko na kulikoroga pipa ambalo sasa lilikuwa limerudi jikoni kwetu.

Mwiko ukanasa kitu. Akauinua.

Kilichoning'inia pale kilikuwa kirefu, kinadondosha maji, kimefungwa fundo. Kilitoka kijani. Sote wanne tulitazama kikigeuka bluu. Na juu yake, kwa uzi mwekundu ambao nili haikuuweza, metroni wetu alikuwa amenilazimisha kushona kwa herufi kubwa: NANZALA.

"Upepo," alisema Mama, "umeirudisha soksi yako."

Alilifungua fundo. Ndani mlikuwa na tope la bluu ya kufulia. Mama amefua nguo nyeupe za watu miaka mingi. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Alivuta kigoda, akakaa, na uchovu wote wa wiki zile ukamrudia usoni.

"Sema," alisema.

Nikasema. Nilisema habari ya blanketi, ya magunia, ya moto uliozimika, ya bluu, ya mwiko na povu. Sikuweka mzaha hata mmoja, na ndiyo maana ilikuwa fupi. "Si wewe uliyeliua, Mama. Ni mimi. Nilitaka kusema."

"Baridi ya mchana mmoja haiui pipa," alisema Mama. "Ungewasha moto tu, kesho yake lingekuwa zima. Yale maji ya kijani uliyoyaona yalikuwa hai, mwanangu. Uliyaua ulipoyapiga ili yaonekane mazuri." Alivuta pumzi. "Na mimi je? Wiki nzima nimefua nikijiambia mikono yangu ina nuksi. Ungeniambia jioni ile, ningekukemea, halafu tungelala."

Mzee Kipyego alikuwa anatazama chai yake kwa makini mno.

"Umefanya kazi ngumu, na nimeiona," Mama aliendelea. "Sitaiondoa. Lakini bidii haifuti uongo, hukaa nao chumba kimoja tu. Kosa ni kama kitambaa cha nili. Kinatoka kibaya, kijani, kinanuka. Kitoe hivyo hivyo, ukionyeshe upepo. Ukikificha ndani, hakitapata rangi yake kamwe. Umesikia?"

Nilianza kutikisa kichwa. Nikaacha.

"Nimesikia," nikasema, na safari hii nilikuwa nimesikia. "Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Leta blanketi."

Nikaleta. Akalivika pipa, akalibana vizuri kwa kamba. Sasa shule zimefunguliwa, nami ninalala na leso mbili. Metroni akiniuliza kwa nini mguu mmoja ni mweupe na mwingine ni bluu, sina la kubuni. Ninavua kiatu, ninamwonyesha jina, na ninaanza kusimulia tangu mwanzo.